Soma Kwanza Hali ya Jirani: Mhadhara kwa Mafundi wa Mitandao, Mombasa

Ndugu zangu mafundi, hamjambo na karibuni. Kebo za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua hapa Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata 2010. Lakini kebo zote hizo hazimfai kitu karani wa Changamwe ikiwa ruta ya ofisini kwake haijui njia ya kufika makao makuu Nyali. Leo nazungumzia OSPF, itifaki ambayo ruta hutumia kuambiana njia za mtandao, na ombi langu kubwa ni hili: njia zikipotea, msikimbilie kubadilisha konfigi, yaani mipangilio ya ruta. Tazameni kwanza jirani, yaani ruta ya upande wa pili, amekwama katika hatua gani ya kujenga ujirani.

Jirani asipoonekana kabisa, linganisheni pande mbili: eria (kundi la ruta ndani ya OSPF), maski ya sabneti, nywila, na saa za salamu, yaani pakiti fupi ambazo ruta hutumiana kujulishana kuwa zipo. Kwenye Etheneti, salamu hutoka kila sekunde 10, na jirani akikaa kimya sekunde 40 huhesabiwa amekufa. Fundi akizigusa namba hizo upande mmoja tu, ujirani haupo. Angalieni pia kama interfesi imezuiwa kutoa salamu.

Akikwama kwenye hatua ya Init, nyinyi mnamsikia, yeye hawasikii. Mara nyingi kuna kizuizi kinachokatalia mbali anwani 224.0.0.5, ambako salamu za OSPF hutumwa.

Hatua ya 2-Way, ruta mbili zinaposikiana, wala isiwatie kiwewe. Ruta nne zikiwa kwenye swichi moja, mbili huchaguliwa kuwa kiongozi na naibu. Zile mbili nyingine kubaki 2-Way baina yao ni sawa kabisa.

Sasa ExStart, hatua ya kuanza kubadilishana maelezo ya njia. Hapa naomba mnisikilize sana, maana ndipo watu wanapokesha. Ping, ile pakiti ya kujaribu kama mwenzako anafikika, inapita, salamu zinapita, ujirani haukamiliki. Kisa ni MTU, yaani ukubwa wa mwisho wa pakiti: Nyali ina baiti 1500, Changamwe ina 1400 kwa sababu ya tunnel, yaani njia inayofunga pakiti ndani ya pakiti nyingine. Changamwe ikiona kwenye pakiti ya maelezo kwamba mwenzake ana 1500, inaikataa. Ping ya kawaida haiwezi kuwaonyesha hilo, ni ndogo mno. Tumeni ya baiti 1500 iliyokatazwa kugawanywa, mtaona inavyogonga mwamba.

Wapo watakaowaambia mwandike amri ya kupuuza MTU, yaishe. Mimi siipendi hata kidogo. Ujirani utaonekana umepona, halafu siku orodha ya njia itakapokuwa ndefu, pakiti kubwa zitapotea na jirani atakwama Loading, hatua ya kupokea maelezo ya njia. Sawazisheni MTU pande zote mbili.

La mwisho: ukinakili konfigi ya tawi moja kupeleka jingine, badilisha kitambulisho cha ruta. Ruta mbili za eria moja zenye kitambulisho kimoja hufanya njia zije na kutoweka, zije na kutoweka. Na ukishakibadilisha, anzisha upya mchakato wa OSPF. Bila hivyo ruta itaendelea kutumia kile cha zamani.

Haya, fungueni ruta zenu. Anayeona ExStart anyooshe mkono.