Maegesho Yasikae Chini ya Miti

Ndugu viongozi, wataalamu wa misitu na wananchi mlioitikia mwaliko huu hapa Mbeya, nimeombwa kuzungumzia huduma za wageni na za wafanyakazi katika bustani za miti za Nyanda za Juu Kusini. Nitaanza na maegesho ya magari, na wanaonifahamu hawatashangaa, kwa sababu karibu kila mchoro ninaooneshwa huyaweka mahali pale pale: chini ya miti mikubwa kuliko yote, kwa hoja kwamba pana kivuli.

Tuangalie basi kinachotokea chini ya kivuli hicho. Mizizi mingi ya mti haiendi chini sana. Sehemu kubwa imo katika sentimita 60 za juu za udongo, nayo hutambaa hadi kuvuka ncha za matawi. Mizizi hiyo huhitaji hewa kama inavyohitaji maji, na vyote viwili hupita katika vinafasi vidogo vilivyomo ndani ya udongo. Magari yakiegeshwa hapo masika, ardhi ikiwa imelowa, vinafasi hivyo hubanwa, na udongo uliokwisha kubanwa huchukua miaka mingi kulegea. Mti haufi mwaka huo. Hukauka polepole kuanzia kileleni, na watu wanapoanza kuulizana ni ugonjwa gani umeuingia, aliyechora maegesho amekwisha kuhamia kituo kingine.

Waingereza wana kiwango cha ujenzi karibu na miti ambacho ni rahisi kukifuata hata kwa utepe wa kupimia: pima kipenyo cha shina mita 1.5 kutoka ardhini, zidisha kwa 12, na umbali unaoupata kutoka kwenye shina uwe eneo lisiloguswa. Mti wa podo wenye kipenyo cha sentimita 80 unadai mita 9.6 kila upande, yaani takribani mita za mraba 290 zisizopitiwa na gari, mtaro wa bomba wala msingi wa jengo. Na mche unaopandwa leo upimiwe kwa unene utakaokuwa nao ukikomaa, kwa maana bustani ya miti si shamba la miti ya mbao la Sao Hill kule Mufindi, ambako paini huvunwa na nyingine zikapandwa pale pale.

Najua nitaambiwa kwamba wazee na walemavu hawawezi kutembea kutoka mbali. Ni kweli, na haki yao isipuuzwe: wajengewe mahali pa kushukia langoni, pamoja na njia ngumu isiyo na ngazi, yenye mabenchi ya kupumzikia. Hilo halihitaji kuliingiza basi zima la wanafunzi katikati ya miti. Nitaambiwa pia kwamba magari yatapata joto. Yapate, yatapoa njiani.

Upande wa wafanyakazi nitausema kwa haraka, ingawa ndio unaosahauliwa mpaka fedha zimekwisha. Kitalu, ghala la zana, chumba cha dawa kinachofungwa peke yake, mahali pa kutengenezea mboji, choo na chumba cha kubadilishia nguo vijengwe kabla ya mgahawa, vikiwa na lango lao ili trekta isikutane na watoto. Barabara ya kazi ipite pembezoni mwa bustani, isafishwe kabla ya kiangazi, nayo itafaa pia kuzuia moto unaotoka mashambani kati ya Juni na Oktoba. Shimo la maji taka liwe mbali na chanzo cha maji ya kitalu na chini yake kimteremko.

Habari za jumba la maonesho naziacha, kwa kuwa muda umekwisha. Ninachoomba kamati yoyote inayopanga bustani kama hii ni kwamba, kabla msanifu hajachora ukuta wowote, apewe ramani inayoonesha kila shina, kipenyo chake na duara la mizizi yake, na duara hilo lichorwe kwa wino mwekundu.