Kusoma Badiliko la Jeni na Hali ya Kromatini katika Seli Moja

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu na wanafunzi,

Mwaka 2005 ilibainika kwamba wagonjwa wengi ambao uboho wao huzalisha chembe nyekundu za damu kupita kiasi wana badiliko lile lile katika jeni ya JAK2: herufi moja ya DNA, G, imegeuka T, na protini ikapata asidi amino ya fenilalanini katika nafasi ya 617 badala ya valini. Badiliko hilo wanalo pia takriban nusu ya wagonjwa wa mielofibrosisi, ugonjwa unaojaza makovu katika uboho. Herufi moja inawezaje kupindua mwenendo wa seli nzima?

Sehemu ya jibu imo katika kromatini, yaani DNA pamoja na protini zinazoifunga. DNA ya seli moja ya binadamu, ambayo ikinyooshwa hufikia mita 2 hivi, imezungushwa juu ya protini ziitwazo histoni, na pale ilipokazwa sana, protini zinazoamsha jeni haziifikii. Tangu 2013 tunayo mbinu ya ATAC-seq, ambamo kimeng'enya Tn5 hukata DNA hasa palipo wazi; tukivisoma vipande vilivyokatwa, tunapata ramani ya sehemu zilizofunguka.

Lakini katika uboho wa mgonjwa seli zenye badiliko zimechanganyika na zisizo nalo, na kwa darubini hazitofautishiki. Ramani ya kromatini peke yake haituambii ipi ni ipi, kwani mahali penye badiliko pengine pamefungwa, na hata pakiwa wazi, seli ina nakala mbili tu za kunaswa. Mbinu ya GoT-ChA, iliyochapishwa 2024 katika jarida la Nature, huongeza vipande vifupi vya DNA vinavyozalisha nakala nyingi za mahali hapo hasa, ndani ya kitone kile kile cha kimiminika ambamo kila seli hupewa alama yake ya utambulisho, hata jibu la jeni na ramani ya kromatini vikatoka na alama moja.

Thamani kubwa ya kazi hii, kwa maoni yangu, imo katika ulinganisho. Ukimlinganisha mgonjwa na mtu mwenye afya, tofauti za umri, dawa na maambukizi huingia katikati. Seli mbili za uboho mmoja zimepitia yote hayo pamoja. Kwa njia hiyo ilionekana kwamba seli shina, yaani seli mama za damu, zenye badiliko la JAK2 hubeba zenyewe ishara za inflamesheni (mwako wa kinga ya mwili) katika kromatini yao, ilhali chembe changa zinazoelekea kuwa megakariosaiti, yaani seli kubwa zinazozalisha chembe sahani za damu, zina sura nyingine, yenye kuchochea makovu. Badiliko ni moja, athari zinategemea aina ya seli.

Wanafunzi watakaoitumia mbinu hii nawasihi wawe waangalifu na jambo moja. Seli yenye nakala moja iliyobadilika na nyingine salama inaweza kunaswa nakala salama tu, ikaandikwa kuwa haina badiliko. Makosa hayo yakizidi, makundi mawili huonekana kufanana kuliko yalivyo, na tofauti tunayoitafuta hufifia.