Picha Iliyopigwa Picha

Walionisikia mwaka jana watanivumilia, kwa maana nimekuja na wimbo wangu uleule: filamu haikumalizika pale kamera ilipozimwa. Katika studio za Hollywood za zama za mkanda, kazi nyingi ilianzia hapo, mbele ya printa ya optiki, yaani projekta na kamera zilizofungwa juu ya kitako kimoja, zikitazamana, lenzi ikiwa katikati, na mkanda uliokwisha kusafishwa ukipigwa picha upya, fremu moja baada ya nyingine, na sekunde moja tu inakula fremu 24.

Chukueni Citizen Kane ya mwaka 1941. Kila mwanafunzi wa filamu amehadithiwa jinsi kamera inavyopanda kutoka kwa mhusika Susan anayeimba opera jukwaani, ikapita kamba na mapazia, hadi kwa mafundi wawili walio juu kabisa, mmoja akaziba pua kwa vidole. Husifiwa mwongozaji Orson Welles, husifiwa mpiga picha Gregg Toland. Ila kupanda kule si kumoja: chini ni seti, juu ni seti nyingine, na katikati, zile kamba mnazozistaajabia, ni modeli ndogo. Linwood Dunn, fundi wa printa wa studio ya RKO, ndiye aliyeviunga vipande hivyo vitatu, akilinganisha mwendo na mwanga hata jicho lisione kiungo, na jina lake hamtalikuta katika orodha ya waliotengeneza filamu hiyo.

Najua kuna atakayeinuka aseme huo ni ulaghai. Bwana wee, projekta hutuonyesha picha zilizosimama nasi tukaapa kwamba zinatembea. Ulaghai ulianza zamani, kabla Dunn hajashika lenzi.

Gharama ilikuwepo, kwa sababu kila nakala ilizidisha chembechembe za mkanda zinazoonekana kwenye picha, na unyoya wa vumbi ulioingia kwenye mashine ulionekana skrinini mnene kama fimbo. Ndiyo maana mafundi wa picha za Star Wars, Industrial Light & Magic walipiga picha za vipande vyao kwa mfumo wa VistaVision, ambamo mkanda wa milimita 35 hupita kwa ubavu na fremu ikawa kubwa zaidi ya mara mbili, chembechembe zikaonekana ndogo.

Petro Vlahos, aliyeiboresha mbinu ya pazia la buluu (kitu hupigwa picha mbele ya pazia hilo, kisha mandhari nyingine hutiwa mahali pake), alistahili saa nzima, lakini muda umenitupa mkono. Niseme tu kwamba maski, yaani kivuli kinachoziba sehemu ya fremu isipigwe na mwanga, ikisogea kadiri ya unywele, chombo cha angani huvikwa mstari mweusi, nanyi mmeshauona.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Zimeni taa, tukitazame kile kipande cha opera, na safari hii macho yawe kwenye kamba.