Kukesha Ziwani Bila Kuganda: Vifaa vya Mvuvi wa Karpi, Kutoka Uingereza Hadi Naivasha

Hamjambo watu wangu wa Nakuru, Kisumu, Kakamega na Bungoma. Na wewe wa Naivasha unayeuliza kila siku hawa wazungu hukesha vipi kando ya maji mwezi wa Januari, leo ni siku yako. Leo ni vifaa tu.

Tuelewane kwanza. Huku Uingereza mvuvi wa samaki aitwaye karpi hukaa kando ya bwawa usiku mmoja, mbili, wengine wiki nzima. Samaki akipatikana anapimwa uzito, anapigwa picha, anarudishwa majini. Najua mtu wa Karagita, pale Naivasha, akisikia hivyo anatikisa kichwa, kwa sababu tangu karpi aingie Ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 2000 amekuwa kitoweo na biashara. Sawa. Baridi haiulizi kama samaki anarudi majini au anaenda kwenye sufuria.

Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti, ikipita saa nane za usiku, joto linashuka chini ya nyuzi 10, na upepo wa ziwani unazidisha. Kisumu iko mita 1,130 hivi, joto la usiku ni la kuvumilika, shida yake ni nyingine na nitaifikia. Huku ninakoongelea maji yanaganda kwenye ndoo. Kwa hivyo msinunue kila kitu mnachokiona kwa wazungu.

Kabla ya kifaa chochote: kiboko. Usiku anatoka majini kula nyasi na anarudi kabla ya mapambazuko, na akikukuta umesimama kati yake na maji, umekwisha. Hema la kitambaa halimzuii. Naivasha usilale ufuoni. Lala ndani ya kambi yenye ua wa umeme, au tafuta bwawa la mtu binafsi lililozungushiwa ua, na uulize BMU ya pale (kikundi cha kusimamia ufuo) na afisa wa uvuvi kama usiku unaruhusiwa na leseni gani inatakiwa. Haya, tuendelee.

Watu wengi wanatumia pesa zote kwa jaketi na blanketi, halafu saa tisa za usiku mgongo unaganda. Sababu ni hii: kinachokupa joto kwenye blanketi au mfuko wa kulalia ni hewa iliyonaswa ndani yake. Ukilalia, uzito wako unaikamua ile hewa upande wa chini, na pale umebaki na kitambaa tu. Ardhi inakunyonya joto usiku kucha. Na kitanda cha kukunjwa hakikuokoi, kwa sababu chini yake upepo unapita wazi. Utaona mtu ana kitanda cha bei kubwa na bado anatetemeka.

Dawa yake ni povu gumu lisilonywa maji, lile la mikeka ya mazoezi ya jimu, unene wa sentimita 1 au zaidi. Liweke juu ya kitanda, chini ya mfuko wa kulalia. Ukilala chini kabisa, tandika turubai, weka mikeka miwili ikipandana, kisha ulale. Kinga ya mikeka hujumlishwa, kwa hivyo miwili ya bei nafuu inaweza kushinda mmoja wa bei ghali. Sponji ya godoro la kawaida itakusaidia siku ikiwa kavu, lakini inanyonya unyevu, na ikishalowa ni barafu. Jaribu dukani: kata kipande, kibonyeze ndani ya maji, kiachie. Kikitoka kizito, kirudishe.

Mfuko wa kulalia wenyewe. Mtaukuta kwenye mitumba, soko la Kibuye kule Kisumu hata Nakuru, umeandikwa namba kubwa ya nyuzi, labda -15. Msidanganyike. Lebo iliyopimwa kwa kiwango cha ISO 23537 ina namba tatu. Ya kwanza ni ya starehe, ya pili ni ya mpaka, ya tatu ni ya hatari. Ile ya hatari maana yake ni kwamba unaweza kumaliza saa chache bila kufa, huku mwili ukiwa kwenye hatari ya kupoa kupita kiasi. Wauzaji wanapenda kuandika hiyo kwa herufi kubwa. Wewe nunua kwa namba ya starehe. Naivasha na Molo, starehe ya nyuzi 5 au 0 inatosha. Huku wakati wa baridi watu wanatafuta -5 kwenda chini. Na chagua wa nyuzi za sintetiki, achana na wa manyoya ya bata. Manyoya ni mepesi na yana joto, lakini yakilowa yanashikana na joto linaisha, na kando ya maji umande hauna huruma.

Nguo, nitakwenda haraka kwa sababu hapa mnajua zaidi ya mnavyodhani. Ya ndani ibane mwili na iwe sufu au poliesta. Ya kati iwe flisi au sweta nene. Ya nje izuie upepo na mvua. Fulana ya pamba na jinzi ziache nyumbani: pamba ikishika jasho haikauki, na jasho la jioni ukipiga hema ndilo linalokugandisha usiku. Ndiyo maana unafanya kazi zote nzito ukiwa umevaa nguo chache, kisha ukitulia unavaa. Soksi ulizoshinda nazo usilale nazo. Weka jozi moja kavu ndani ya mfuko wa nailoni, ya kulalia tu, hata kama miguu inaonekana mikavu. Marvin, ile kofia ya sufu, kichwani, lazima.

Gambuti ina makosa mawili. Mpira haupumui, na watu wanavaa soksi tatu mpaka mguu unabanwa. Damu isipopita vizuri, hata soksi kumi hazikusaidii. Nunua saizi moja zaidi, vaa soksi moja nene, na ukate kipande cha ule mkeka wa povu kwa umbo la wayo, ukiweke ndani. Kazi ya dakika tano na kisu.

Hema wanalotumia huku linaitwa bivi: fupi, pana, mlango mkubwa mbele ili utoke ukikimbia king'ora cha fimbo ya kuvulia kikilia. Mgongo wa hema uelekee upepo. Usilipige kwenye bonde dogo karibu kabisa na maji, maana hewa baridi ni nzito na hutuama huko. Panda juu hatua kadhaa. Turubai la chini lisitokeze nje ya kingo za hema, likitokeza litapokea maji ya mvua na kukuletea kitandani. Asubuhi ukikuta matone ndani, hema halivuji: ni pumzi yako. Ukifunga kila tundu, unazidisha. Acha nafasi ya hewa juu ya mlango, na usiingize pua na mdomo ndani ya mfuko wa kulalia, unajilowesha mwenyewe.

Sasa moto. Hapa nisikilizeni vizuri.

Usiingize jiko la makaa ndani ya hema. Usiingize jiko la gesi ukafunga zipu. Makaa yaliyoshika, mekundu, hayana moshi wala harufu, bado yanatoa kaboni monoksaidi, na hiyo hewa huioni wala huinusi. Inashika damu mahali pa oksijeni. Aliye macho anaumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, anafikiri ni uchovu. Aliyelala haamki. Huku wavuvi na watalii wamekufa kwa kuingiza jiko la kuchomea nyama ambalo walidhani limezimika, na nyumbani mnazijua habari za familia zilizolala na jiko msimu wa baridi. Kuacha dirisha la hema wazi hakutoshi. Pika nje, zima nje, jiko lilale nje. Ukitaka kinga ya ziada kuna king'ora kidogo cha betri cha kupima hewa hiyo. Nunua kilichoandikwa EN 50291-2, ndicho kilichotengenezewa karavani (magari ya kulala safarini) na boti. Lakini king'ora si ruhusa ya kuwasha jiko ndani.

Tukiwa kwenye gesi: huku mtungi wa butani peke yake hugoma ikifika karibu nyuzi 0, kwa sababu butani haigeuki kuwa mvuke hapo, kwa hivyo wanachanganya na propani. Naivasha hamfiki huko. Ila mtungi mdogo ukitumika unapoa wenyewe na moto unakuwa mdogo. Uweke juu ya kipande cha mkeka, usiuchemshe wala kuusogeza motoni.

Joto halali la kuingiza hemani ni maji. Chupa ya mpira ya maji moto, ijaze theluthi mbili, maji yaliyopoa kidogo baada ya kuchemka, toa hewa, funga, ivalishe soksi. Iweke ndani ya mfuko wa kulalia dakika 20 kabla hujaingia, kisha ihamishe kati ya mapaja, ambako mishipa mikubwa inapita. Chupa ya soda usiitumie: plastiki ile inalainika kwa maji moto, inajikunja na kifuniko kinaachia. Thamosi nayo ipashe kwanza kwa maji yanayochemka dakika tano, uyamwage, ndipo utie chai au uji. Kula kitu cha mafuta kabla ya kulala, karanga ni nzuri sana. Na ukajisaidie kabla ya kufunga zipu, usijiambie utavumilia. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, unahisi joto huku mwili unalipoteza. Wa chang'aa mmesikia.

Samaki mwenyewe anapenda kuuma saa mbaya. Huku wana ving'ora vya umeme kwenye fimbo, na kipokezi kitandani. Kengele ndogo kwenye ncha ya fimbo inafanya kazi hiyo pia, mradi ulegeze breki ya rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi. Karpi akivuta na breki imekaza, fimbo inaingia ziwani. Panga vitu kabla hujalala: viatu vya kuvaa bila kamba mlangoni, jaketi juu, tochi ya kichwani shingoni. Lowesha mikono kabla ya kumshika samaki anayerudi majini, usimkwangue ute. Ukimaliza, kausha mikono na taulo la pili ambalo halijagusa samaki, na ubadilishe chochote kilicholowa kabla ya kurudi kitandani. Ukiingia na mikono ya jaketi yenye maji, umeharibu mfuko wa kulalia kwa usiku uliobaki.

Wa Kisumu, Homa Bay na Busia: nyinyi hamhitaji mfuko wa nyuzi 0. Ukilinda bwawa la samaki usiku, blanketi moja, mkeka wa povu, turubai la mvua, na chandarua chenye dawa. Chandarua kinatangulia blanketi, malaria ya huko haina mchezo. Kwa anayeenda omena usiku, tatizo ni kulowa na upepo. Vaa flisi, juu yake koti la mvua, na laifu jaketi juu ya vyote, si ndani ya koti. Ijaribu ukiwa umevaa nguo zote, maana iliyokutosha ukiwa na fulana haitafungika. Na gambuti ndefu kwenye mashua sizipendi. Ukianguka zinajaa maji na kuogelea kunakuwa taabu. Nguo kavu ziwe ndani ya ndoo yenye kifuniko.

La mwisho, kwa mnaotuma orodha kila ndugu akikaribia kuja Krismasi. Kitanda cha mvuvi huku kina kilo 8 hadi 12, na mzigo mmoja wa ndege kwa kawaida ni kilo 23. Usimwombe kitanda. Kitanda cha safari cha huko nyumbani pamoja na mkeka kinatosha, na fundi wa kuchomelea anaweza kuongeza miguu mipana isizame kwenye matope. Mwombe vitu vyepesi: nguo za ndani za sufu ya merino, tochi ya kichwani yenye taa nyekundu, king'ora cha kaboni monoksaidi. Pawabenki abebe mkononi, si kwenye sanduku, na isizidi saa-wati 100, yaani kama 27,000 mAh. Mtungi wa gesi asiubebe kabisa. Utatolewa kwenye sanduku uwanjani, na atachelewa kwa ajili yako.