Mtafute kwa Meli, si kwa Jina Peke Yake

Ndugu wasikilizaji, leo tunazungumzia jinsi ya kumtafuta babu aliyepelekwa mfungwa Australia, ambako Uingereza ilihamishia wafungwa wapatao 162,000 kati ya 1788 na 1868. Mwenye asili ya huko asikimbilie kumtafuta mfungwa. Aanze na marehemu wa karibuni, apande kizazi baada ya kizazi.

Vyeti vya kifo ndivyo ngazi yenu. Kati ya makoloni ya Uingereza huko Australia, Tasmania ilianza usajili wa serikali Desemba 1838, Victoria Julai 1853, New South Wales Machi 1856. Kabla ya hapo mtategemea vitabu vya makanisa. Cheti cha New South Wales kina safu ya miaka ambayo marehemu alikaa makoloni. Akiwa amefariki 1871 na safu inasema 38, pekueni meli zilizofika 1832 hadi 1834. Lakini aliyetoa habari hizo mara nyingi ni mtoto au jirani, na familia nyingi zilificha kwamba mzee alishushwa na pingu, kwa hiyo ongezeni miaka michache huku na huku. Cheti cha Tasmania cha zama hizo ni kikavu, hata wazazi hakiwataji.

Sasa meli. Makarani wa koloni walimtambua mfungwa kwa jina, meli na mwaka wa kufika, maana akina John Smith hawakuwa na idadi. Jina la meli bila mwaka nalo halitoshi: Surry peke yake ilileta wafungwa mara 11. Ukiacha mwaka, utajikuta umebeba babu wa wenzako.

Kwa New South Wales, sensa ya Novemba 1828 ni dhahabu. Humo kila mtu ana umri, meli, mwaka wa kufika, kazi na makazi, pamoja na herufi mbili za hadhi yake: CF alikuja huru, BC alizaliwa kolonini, GS bado anatumikia, FS amemaliza kifungo, TL ana tiketi ya ruhusa, yaani kibali cha kujitafutia kazi kabla ya kifungo kwisha.

Mkishaipata meli, fungueni orodha ya wafungwa wake. Za mwanzo zina jina, mahakama, tarehe na adhabu tu. Za miaka ya 1830 zinaeleza umri, dini, kama anajua kusoma, ameoa au la, watoto, alikozaliwa, kazi, kosa, urefu, rangi ya macho, makovu na chale za wino. Hapa wengi huteleza: wanachukua mji wa mahakama kuwa ndiko alikozaliwa. Mtu wa Cork aliweza kuhukumiwa Lancaster, na ukipekua ubatizo Lancaster hutamwona kamwe.

Safu ya ndoa ilikuwa na meno. Mfungwa akitaka kuoa alihitaji kibali cha gavana, karani akaitazama orodha ya meli. Ikisema ana mke Uingereza, ombi lilikataliwa. Basi mkiona ombi la pili linalodai ni mjane, msiamini haraka.

Baada ya hapo fuateni karatasi za kuachiwa. Huko New South Wales, mwenye kifungo cha miaka 7 aliweza kupata tiketi ya ruhusa baada ya 4, mwenye 14 baada ya 6, wa maisha baada ya 8. Wa maisha hakupewa cheti cha uhuru, kile cha aliyemaliza kifungo, kwa hiyo msikihangaikie. Tafuteni msamaha wake. Ukiwa wa masharti, alikuwa huru kolonini lakini hakuruhusiwa kurudi Uingereza.

Kwa waliohukumiwa Ireland, hati nyingi za mahakama ziliteketea Dublin mwaka 1922, na rejista za uhamisho za kabla ya 1836 zimekwenda nazo. Za baadaye zimebaki, na maombi ya msamaha pia, ambayo huanzia nyuma zaidi. Humo mke au mama anamwandikia mtawala, na mara nyingine anataja watoto na kijiji, mambo ambayo orodha ya meli iliyaacha.