Mzee na Kijana Ndani ya "Mimi" Mmoja

Mabibi na mabwana,

Msomaji wa tawasifu huamini upesi kwamba anayesema "mimi" ni mtu mmoja. Naomba tuipime imani hiyo kwa Benjamin Franklin, mchapaji aliyekuja kuwa mmoja wa waasisi wa Marekani, aliyeanza kuandika maisha yake mwaka 1771, akiwa na miaka 65, kijijini Twyford huko Uingereza.

Tumtazame anavyoingia Philadelphia, mji wa Marekani, mwezi Oktoba 1723. Ana miaka 17, amechafuka kwa safari, mifuko imemtuna kwa mashati na soksi, naye amebeba mikate mitatu mikubwa ya peni tatu: miwili ameibana makwapani, na wa tatu anautafuna huku akitembea. Mlangoni kwao amesimama Deborah Read, atakayekuja kuwa mkewe, naye anamwona kituko. Je, ni nani hasa anayeiona picha hii? Kijana ana njaa na hajitazami. Anayetazama ni mzee, miaka 48 baadaye, aliyeazima macho ya msichana ili ajione kwa nje. Na anakiri kwamba ameeleza kwa kirefu ili msomaji alinganishe mwanzo ule na hadhi aliyoipata baadaye. Ukiri huo ndio unaonifanya nimwamini. Vivyo hivyo anatueleza kwamba, alipokuwa mchapaji, alijali kuwa mchapakazi na pia kuonekana hivyo, hata akasukuma karatasi zake barabarani kwa toroli.

Mary Rowlandson, mlowezi wa Kiingereza huko Marekani aliyesimulia kutekwa kwake na wenyeji wa nchi hiyo katika kitabu cha mwaka 1682, aliyasoma mateso yake kuwa ni mkono wa Mungu unaomwadhibu. Franklin makosa yake anayaita kwa neno la wachapaji, yaani makosa ya chapa, ambayo toleo la pili lingeweza kuyasahihisha.

Tusisahau pia anayeambiwa. Sehemu ya kwanza inamwandikia mwanawe William, gavana wa New Jersey. Franklin alipoishika tena kalamu mwaka 1784 huko Passy, Ufaransa, vita vya uhuru wa Marekani vilikuwa vimewatenganisha, kwa kuwa William alibaki upande wa mfalme wa Uingereza; palipokuwa na jina la mwana pamewekwa barua za marafiki wawili wanaomsihi aendelee kwa faida ya umma. Sauti nayo inageuka. Visa vya ukoo vinakoma, na badala ya kijana wa mikate tunamkuta mwalimu mwenye kijitabu, aliyezipanga fadhila 13 katika jedwali na kutia kidoa cheusi kila alipoteleza.