Mbolea ya Hewa na Umeme: Uniti Ngapi kwa Mfuko?

Ndugu zangu, poleni na foleni ya Barabara ya Sam Nujoma. Nitajitahidi safari yenu isiwe ya bure.

Aliyewahi kupita mtaa wa Gerezani hapa Dar es Salaam akawakuta mafundi wakichomelea mageti ameiona plazma. Ule mwanga unaochoma macho ni gesi ambayo elektroni zimebanduka kutoka kwenye atomu zake. Radi nayo ni plazma, tena inatengeneza mbolea: inaunganisha naitrojeni na oksijeni, kisha mvua inashusha nitrati shambani.

Naitrojeni si haba. Ni asilimia 78 ya hewa ya ukumbi huu. Ila atomu zake mbili zimeshikana kwa vifungo vitatu, na mahindi hayana ubavu wa kuvifungua.

Mwaka 1903 Kristian Birkeland na Sam Eyde wa Norwe waliamua kuiga radi. Walitandaza tao la umeme, yaani cheche isiyokatika, kwa sumaku hadi likawa duara la moto wa nyuzi zaidi ya 3,000 za Selsiasi, wakapitisha hewa humo. Kilichotoka kikaingizwa majini kikawa asidi ya nitriki, asidi ikakutana na mawe ya chokaa ikawa mbolea. Kampuni ya Norsk Hydro ilizaliwa hapo mwaka 1905, ikitegemea umeme wa maporomoko ya maji. Lakini ni asilimia moja au mbili tu ya gesi iliyotoka ndiyo iliyokuwa oksidi ya naitrojeni. Fritz Haber na Carl Bosch walipoleta njia ya amonia, yaani naitrojeni iliyounganishwa na haidrojeni, na kiwanda cha Oppau kikawaka mwaka 1913, tao likaanza kupoteza soko.

Leo plazma imerudi kwa ujanja mwingine. Badala ya kuivunja molekuli kwa joto kali, elektroni zinaitikisa hadi vifungo vilegee, huku gesi yenyewe haijafikia joto la tao la zamani. Wapo wanaotafuta amonia moja kwa moja kwa njia hii. Mimi sina imani nao sana: kwanza utafute haidrojeni, kisha elektroni zilezile zilizoivunja naitrojeni zinageuka kuivunja amonia iliyokwisha kuundwa. Nitrati inahitaji hewa, maji na umeme tu.

Sasa hesabu, maana wauza mashine huiruka. Majaribio mazuri ya nitrati katika shinikizo la kawaida hutumia kama megajuli 2 hadi 3 kwa moli, yaani uniti (kilowati-saa) 40 hadi 60 za umeme kwa kilo moja ya naitrojeni. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kwa hiyo ni uniti elfu moja na ushee! Zidisha mwenyewe kwa bei unayonunulia LUKU. Njia ya Haber na Bosch inahitaji nishati ya kama uniti 10 kwa kilo, nyingi ikitoka kwenye gesi asilia, na gesi hiyo sisi Watanzania tunayo Songo Songo na Mnazi Bay. Mkulima wa mahindi wa Rukwa anunue urea. Simdanganyi.

Lakini yupo mkulima wa nyanya mwenye paneli za jua na mabomba ya matone, ambaye umeme wake wa mchana unabaki. Mashine ya plazma unaiwasha na kuizima upendavyo, jambo ambalo kiwanda kikubwa cha amonia hakivumilii, na nitrati yake tayari imo kwenye maji. Haisubiri meli wala lori. Huyo ndiye ninayemfikiria.

Wanafunzi wa uhandisi mlioniuliza muanzie wapi: msianzie kwenye cheche. Nitriki oksidi, gesi inayotoka kwenye cheche hiyo, haiyeyuki vizuri majini, ni lazima ipewe muda ishike oksijeni nyingine, na gesi ya kahawia inayotokea hapo inaunguza mapafu, kwa hiyo msiende kujaribia uani na mashine ya kuchomelea. Mnara wa kuinyonya gesi hiyo bila kuivujisha, wa bei ambayo mkulima ataimudu, ndio kazi ngumu. Anzieni hapo.